Santuri ya mnyonge iliyofyatuliwa Uingereza

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi yaliyosikika redioni juma lililopita.)

 

Msikilizaji mmoja wa Mafinga ameniletea swali. Anasema anajua mimi ni mpenzi wa magitaa, na anajua kwamba Waingereza ni mafundi wa kutengeneza albamu. Anataka nimtajie albamu moja tu iliyotengenezwa Uingereza ambayo nisingekubali kuikosa nyumbani kwangu, na nieleze kwa nini. Nadhani ndugu yetu huyu alitegemea nitaje Beatles, au Rolling Stones, au wale vijana wa Manchester waliovuma na magitaa yao miaka ya 1980 na 1990 kupitia kampuni ndogo ndogo zisizokuwa chini ya makampuni makubwa ya muziki.

Jibu langu ni kweli limetoka katika kampuni ya namna hiyo. Lakini mwimbaji wake hakuwa Mwingereza, na lugha yake si Kiingereza. Albamu yangu ni Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo za Mtu Maskini, ya marehemu Dk. Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Real World.

Naomba mnivumilie nieleze kwanza ilikotoka, kisha niieleze yenyewe, na mwisho niseme jambo linalonikera kila ninapoisikiliza.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa nchi ambayo leo tunaiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akahamia Super Matimila, na hapo ndipo jina lake lilipokomaa. Wakati huo bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na taasisi: JUWATA ilikuwa ya wafanyakazi, Bima Lee ya shirika la bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa na mshahara, na jukwaa alipewa na mwajiri wake. Matimila haikuwa na shirika nyuma yake. Iliishi kwa viingilio vya mlangoni, na labda ndiyo sababu mtunzi wake alikuwa karibu sana na watu wanaohesabu senti kabla ya kulala.

Katika miaka ya 1980 kaseti ya Matimila ilifika mikononi mwa Waingereza wanaoandaa tamasha la WOMAD, tamasha lililoanza mwaka 1982 na ambalo mwasisi wake mmojawapo ni Peter Gabriel, mwimbaji wa roki aliyewahi kuongoza kundi la Genesis. Waliipenda. Mwaka 1988 bendi ikaalikwa kupiga katika ziara ya WOMAD, na mwaka huo huo ikatolewa huko santuri ya Nalilia Mwana, iliyokusanya nyimbo ambazo tayari zilikuwa zimerekodiwa hapa nyumbani. Mwaka uliofuata Gabriel akaanzisha kampuni ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, mkoa wa Wiltshire, kwenye majengo ya kinu cha zamani kilichokuwa kikiendeshwa kwa maji. Miongoni mwa albamu za kwanza kabisa za kampuni hiyo mwaka 1989 zilikuwamo ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, ya Tabu Ley wa Zaire, na hii ya Remmy wetu.

Hebu fikirieni, wasikilizaji. Vijana waliozoea kupakia vyombo kwenye lori na kupiga hadi alfajiri katika kumbi za Dar es Salaam, wameketi kando ya mto wa Kiingereza, ndani ya kinu, mbele ya mitambo ambayo nchi yetu nzima haikuwa nayo. Nyumbani, bendi karibu zote zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Mlikusanyika chumbani, fundi akaweka vipaza sauti, wote mkapiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Wimbo ukishatoka ulikuwa mali ya hewani. Ulipigwa Salamu za Wagonjwa, ulipigwa Ombi Lako, na mpiga besi wake hakuna aliyemjua.

Sasa niingie katika albamu yenyewe.

Kitu cha kwanza utakachokisikia ni nafasi. Muziki wetu wa dansi unajengwa kwa magitaa yanayojibizana. Kuna gitaa la solo linalotembea juu, kuna la pili linalolijibu, kuna la rithimu linalofunga kamba, halafu besi inayozunguka chini kama mtu anayetafuta kitu gizani. Katika rekodi nyingi za nyumbani za wakati ule, magitaa hayo yalishikana yakawa kitu kimoja. Uzuri wake uliusikia lakini hukuweza kuutenganisha. Katika albamu hii unaweza kumfuata mpigaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Chukua Karola. Sikiliza mara moja ukifuata solo peke yake. Rudia ukifuata rithimu peke yake. Utagundua kwamba yule wa rithimu, ambaye hakuna anayemsifia ukumbini, ndiye anayebeba nyumba.

Kitu cha pili ni mwendo. Albamu ya Tabu Ley niliyoitaja inakimbia. Ni soukous ya kuwainua watu viti vyote. Remmy hakimbii. Anaanza kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno kwenye kikao. Nasikitika ni wimbo wa majonzi, lakini miguu inacheza. Mgeni anaweza kushangaa inakuwaje mtu alie kwa mdundo wa kucheza. Sisi hatushangai, maana misibani kwetu ngoma hupigwa, na kilio kina mpangilio wake.

Kitu cha tatu ni maneno, na hapa ndipo Remmy alipowaacha wengi nyuma. Waimbaji wa wakati ule walikuwa hodari wa mapenzi na hodari wa kusifu. Remmy alitunga kuhusu yule asiyesikilizwa. Wimbo wa Sauti ya Mnyonge ndio moyo wa albamu nzima. Sitaurudia hapa mstari kwa mstari. Ana hoja moja nayo ni kwamba neno likitoka kinywani mwa maskini halina uzito, hata likiwa kweli. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni katika ofisi yoyote, akamwona aliyevaa vizuri zaidi akiitwa ndani kabla yake, anaujua wimbo huo kabla hajausikia.

Halafu kuna Muziki Asili Yake Wapi, ambao ni swali na pia ni utani. Watu wanagombea muziki ni wa nani na ulianzia kwa nani, na Remmy anaugeuza ugomvi huo kuwa ngoma. Ni swali zito kwa mtu aliyezaliwa Kindu, akawa mwanamuziki wa Dar es Salaam, na akarekodi Wiltshire. Kipenda Roho nao unajengwa juu ya msemo tunaoujua sote, kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Remmy alijua hazina ya Kiswahili ilipofichwa: katika methali ambazo bibi hutumia kumaliza mabishano. Alizitoa, akaziwekea magitaa.

Jambo ambalo Waingereza wanastahili pongezi ni kwamba hawakumgusa. Wangeweza kumwambia aimbe Kiingereza kidogo ili wateja wao waelewe. Wangeweza kumwekea kinanda cha kisasa na midundo ya mashine, kama ilivyokuwa mtindo wa miaka ile. Katika albamu hii hawakufanya hivyo. Walimwachia bendi yake, lugha yake na mwendo wake. Jina la albamu tu ndilo limeandikwa Kiingereza, ili ijulikane dukani.

Linganisha na albamu yake iliyofuata, Mambo, ya mwaka 1992, iliyosimamiwa na mtayarishaji Rupert Hine. Ina nyimbo nzuri, na wapo wanaoipenda kuliko hii. Lakini humo tayari Remmy anaimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama One World na No Money, No Life. Mimi nikizisikiliza naona mtu mwerevu aliyevaa koti la kuazima. Limemkaa, lakini anaangalia asilichafue. Katika Songs for the Poor Man anazungumza na watu wa kwao, na Mwingereza ameruhusiwa kusikiliza. Kwa maoni yangu, ndiyo maana ya kwanza inaishi zaidi.

Kasoro inayo, nami si mpiga debe. Kasoro yake ni kwamba haina ukumbi. Aliyewahi kuona bendi ya dansi jukwaani anajua wimbo huanza taratibu kwa mashairi, halafu hufika mahali pa chemko, magitaa yakashika moto, mwimbaji akaanza kuwataja waliohudhuria, na wimbo ukaenda hadi jasho liwatoke wapigaji. Ndani ya studio hakuna wa kumtaja, na saa inahesabiwa. Ngoma zimesafishwa mno, kana kwamba zimeogeshwa na kuvalishwa sare ya shule. Anayetaka Remmy wa jasho atafute rekodi za nyumbani. Anayetaka kusikia kila kidole kinafanya nini, achukue hii.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera.

Albamu hii inaitwa nyimbo za mtu maskini. Huyo mtu maskini, aliyeimbiwa, ambaye ni mimi na wewe, hakuweza kuinunua. Si suala la bei peke yake. Hata angekuwa na fedha, mwaka 1989 angeipata wapi Mbeya? Angeipata wapi Iringa? Ilipangwa madukani London, akaichukua mwanafunzi wa chuo kikuu asiyejua neno moja la Kiswahili, akaipeleka nyumbani na kuipenda kwa dhati. Simlaumu, na upendo wake ndio uliowezesha albamu kuwepo. Lakini mnyonge wa Mwanjelwa alibaki na redio.

Naye mnyonge hakukubali. Alitumia njia yake. Watu wa rika langu mnakumbuka vibanda vya kurekodi kaseti. Unaleta kaseti tupu, au unauziwa papo hapo, unachagua nyimbo kwenye orodha iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, unarudi jioni. Nikiwa shule ya msingi mjini Iringa, mapema miaka ya 1990, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi reli ya TAZARA alitujia kutoka Mbeya na kaseti ya dakika 60. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mkono: REMI ULAYA. Upande mmoja ulikuwa Remmy, upande wa pili nyimbo za Kizambia. Dakika 30 zilipofika, wimbo ulikatwa katikati ya solo. Nilizoea mkato ule kiasi kwamba hadi leo, nikifika pale kwenye sidii, mkono wangu unataka kwenda kuigeuza kaseti.

Kaseti ya mjomba haikumlipa Remmy hata senti. Ukweli huo tusiuzungushe. Aliyenufaika ni mwenye kibanda. Lakini pia ukweli ni kwamba bila kaseti ile, watoto wa Kihesa wasingejua kwamba Remmy amerekodi Ulaya. Mwaka 1990 alipotunga Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI unawamaliza, Radio Tanzania haikuupiga. Hapakuwa na redio binafsi nchini; hizo zilikuja baadaye katika muongo huo. Hata hivyo wimbo ulienda nchi nzima, ukaimbwa kwenye mabasi na vilabuni, kwa sababu kaseti haikuomba ruhusa kwa mtu. Njia iliyomwibia Remmy chakula chake ndiyo hiyo hiyo iliyopeleka neno lake likaokoa watu. Mimi sijui mizani ya kupimia jambo hili, ila najua haifai kulisema upande mmoja tu.

Remmy alifariki Desemba 2010 Dar es Salaam, baada ya kuugua kwa miaka, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa ameacha dansi na kuimba nyimbo za injili. Kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kinaendelea kumtaja kila dakika, kwa sauti ya makondakta. Na albamu yake ipo. Leo kijana wa Uyole mwenye simu anaipata kwenye intaneti akiwa kitandani, na ukitazama maelezo yake unajua nani kaimba, mwaka gani, kampuni gani. Kwa nini ipo? Kwa sababu kuna watu kule Wiltshire waliorekodi, wakaandika majina, wakahifadhi, na wameendelea kuitoa. Hakuna uchawi mwingine.

Na hapa, wasikilizaji, nawaomba mrudi nami Iringa mwaka ule ule wa 1989.

Wakati Remmy akiwa Uingereza, mji wa Iringa ulikuwa na bendi yake, na haikuwa bendi ya kubahatisha. TANCUT, kampuni ya umma ya kuchonga almasi, ilikuwa na kiwanda chake Iringa, na kiwanda kilikuwa na bendi: TANCUT Almasi Orchestra. Walikuwapo mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliotoka Kongo kama Remmy, na sauti zao zikipanda pamoja hukuweza kujua ipi ni ya nani. Alikuwapo Kalala Mbwebwe. Mtindo wao waliuita Fimbo Lugoda. Wakatoa Nimemkaribisha Nyoka, wakatoa Masafa Marefu, na nchi nzima ikainuka kwenda kucheza. Kwa miaka michache mtu wa Dar es Salaam alilazimika kukiri kwamba dansi zuri linatoka kwenye baridi ya Iringa.

Ukiniuliza mimi, kwa ufundi wa sauti, TANCUT hawakuwa nyuma ya Matimila hata hatua moja. Wangepelekwa Box wakawekwa mbele ya mitambo ile, leo tungekuwa na albamu ya kukaa ubavuni mwa ile ya Remmy. Hawakupelekwa. Nyimbo zao zilirekodiwa kwa njia yetu ya kawaida, zikaingia kwenye kanda za redio na kwenye kaseti za watu. Kampuni ikayumba, kiwanda kikasimama, bendi ikatawanyika, na wanamuziki wakafuata mkate wao Dar es Salaam. Leo nenda Mashine Tatu au Miyomboni, muulize kijana wa miaka 20 TANCUT ni nini. Wengi watakwambia hawajui. Wachache watasema lilikuwa jina la kiwanda. Wimbo ukipigwa, mguu wake utacheza, lakini hatajua kwamba anacheza cha kwao.

Na si mara ya kwanza kwa Iringa. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika akikusanya muziki, alipita Tanganyika na mitambo yake. Aliwarekodi Wahehe pia, pamoja na ligombo, ile zeze ya ubao wenye nyuzi zilizolazwa ambayo wazee waliisindikiza kwa masimulizi na sifa za mashujaa. Rekodi zake zimetunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mhehe anayetaka kumsikia mpiga ligombo wa enzi ya babu yake, njia yake inapita nje ya nchi. Na Mgogo, jirani yetu wa kaskazini, akitaka zeze na marimba ya Hukwe Zawose zilizorekodiwa kwa usafi, atakutana na Chibite ya mwaka 1996, nayo ni ya kampuni ile ile ya Real World.

Wapo wanaosikia haya wakakasirika na wazungu. Mimi hasira yangu haiendi huko. Mtu aliyekuja, akasikiliza, akaandika jina la mpigaji na kulitunza kwa miaka zaidi ya 70, amefanya kazi ambayo sisi tuliiona haina haraka. Swali ni sisi tunafanya nini na zilizobaki, kabla hazijaoza. Kaseti na kanda za sumaku haziishi milele. Unyevu wa Tukuyu unazila, vumbi la Mbarali linazila, na joto la chumba kisichofunguliwa linazila pia. Kila mwaka unaopita kuna wimbo unaonyamaza, na hatupati hata taarifa ya msiba.

Nina mambo matatu ya kusema, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza linatuhusu sisi wa redio. Tumezoea kupiga wimbo wa zamani, tukasema "hiyo ilikuwa zilipendwa," tukaenda kwenye tangazo la sabuni. Huo ni uvivu wa kazi. Mtangazaji anayepiga wimbo aseme bendi, aseme mtunzi, aseme mwaka kama anaujua. Inachukua sekunde tano. Kuna faida nyingine zaidi ya heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake tungo za Remmy zina wenyewe hadi mwaka 2060. Januari 2022, COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa nyimbo zilizopigwa redioni. Fedha hizo hugawanywa kwa kufuata kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa. Wimbo usiotajwa jina, mirabaha yake haijui mlango wa kubisha.

La pili linawahusu ninyi mlio na kaseti. Najua mnazo. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha marehemu baba, ziko kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Msizitupe mnapohama nyumba. Kijana yeyote mwenye kompyuta na kinasa kinachofanya kazi anaweza kuzihamisha kwa mchana mmoja. Kabla ya kuzihamisha, muulizeni mzee aliyepo majina ya waimbaji na wapigaji, mkaandike. Wimbo bila jina ni kama mtoto aliyeokotwa stendi. Mtamlisha, lakini ukoo wake mmeupoteza.

La tatu linawahusu wanamuziki vijana wa Mbeya na Iringa, ambao leo mnarekodi kwenye chumba chenye godoro ukutani na kompyuta moja. Mitambo mliyonayo inafanya mengi ambayo bendi za mwaka 1989 zilifunga safari hadi Wiltshire kuyatafuta. Kwa hiyo siku hizi kisingizio cha studio hakipo tena. Kilichoifanya albamu ya Remmy ikae miaka zaidi ya 30 ni kwamba alikuwa na la kusema, alilisema kwa lugha ya anayeambiwa, na kila mpigaji alijua kazi yake. Tafuteni albamu hiyo. Isikilizeni mara tatu: mara ya kwanza kwa miguu, mara ya pili kwa masikio mkifuata gitaa moja moja, na mara ya tatu mkiwa mmetulia, kwa maneno. Halafu rudini kwenye chumba chenu mkajiulize wimbo wenu mpya unamtetea nani.

Basi ndugu yangu wa Mafinga, jibu lako ndilo hilo. Albamu bora ya Uingereza kwangu mimi imeimbwa kwa Kiswahili, na ninaipenda pamoja na uchungu wake. Na kwa kuwa uko Mafinga, karibu na waliocheza Fimbo Lugoda wakiwa vijana, nakupa kazi nawe: mtafute mmoja wao kabla ya juma lijalo, umuulize anakumbuka nini, na uniandikie.

Kwa leo niishie hapo. Nawatakia juma jema, kwaherini.